Bei na Thamani: Tusifungue Duka la Vyombo vya Ajabu

Limezuka miongoni mwetu walimu jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana dogo, tena la kitoto. Jambo lenyewe ni hili: je, wanafunzi wanaojizoeza Kiswahili kwa njia ya mchezo wa kusimulia waruhusiwe kununua vyombo vya ajabu dukani, kwa kufuata orodha ya bei, au wasiruhusiwe? Walimu kadhaa, na miongoni mwao wamo watu ninaowaheshimu sana, wanasema waruhusiwe. Mimi nasema wasiruhusiwe, na madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini.

Yafaa kwanza nimweleze msomaji asiyeujua mchezo wenyewe. Asili yake ni Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliochapishwa na kampuni ndogo ya TSR katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Wachezaji huketi kuzunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi, naye ndiye ajuaye siri za nchi ya kubuni wanayoizuru. Wengine kila mmoja hushika nafsi ya mhusika wake: askari, mchawi, mwizi, mtu wa dini. Hawana jukwaa wala mavazi. Wana karatasi, kalamu na dadu tu. Mchezaji husema, "Naufungua mlango taratibu," na msimulizi humwambia anachokiona. Pakiwa na shaka, dadu hukata shauri. Katika safari zao wahusika hujipatia dhahabu, na mara moja moja hupata chombo cha ajabu: upanga uwakao moto, pete ya kumfanya mtu asionekane, vazi la kumlinda mvaaji, fimbo yenye nguvu za kichawi.

Mwalimu yeyote ataiona mara moja faida ya mchezo huu. Mambo yote hutendeka kwa maneno. Mwanafunzi asiyesema hatendi lolote, na asiyeeleweka hafiki popote. Hapa Uganda faida hiyo ina uzito wa pekee. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini uamuzi haufungui vinywa. Tunao wanafunzi wawezao kuziorodhesha ngeli zote bila kosa, nao hushindwa kumpa pole jirani aliyefiwa. Tena tunapambana na dharau ya miaka mingi, isemayo kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni na kambini tu, lugha ya kuulizia bei na kutolea amri, isiyofaa kwa mambo ya moyo na ya fikra. Naomba msomaji aikumbuke dharau hiyo, maana nitairudia.

Sasa niseme kauli yangu wazi. Lugha yetu ina maneno mawili ambayo watu huyachanganya: bei na thamani. Bei ni hesabu, na mtu awezaye kuhesabu anaijua. Thamani ya kitu hujulikana kwa habari zake: kimetoka wapi, nani alikuwa nacho, kilimfaa nini, kilimponza vipi. Katika mchezo huu, chombo cha ajabu hakiwezi kushikwa kwa mkono. Hakuna upanga mezani, wala pete. Kilichopo ni maneno tu. Basi ukiziondoa habari zake, ukaacha bei peke yake, umekiondoa chombo chenyewe. Mwanafunzi amenunua tarakimu.

Katika chama cha mazungumzo ninachokisimamia, nilipata nafasi ya kuyalinganisha mambo haya mawili. Vikundi viwili vilihitaji pete ile ile, ya kumwezesha mtu kupumua chini ya maji. Kikundi cha kwanza kilipewa orodha ya bei, na mazungumzo yao karibu yote ni haya:

"Pete hii bei gani?"

"Elfu mbili."

"Tunazo elfu tatu. Tunaichukua."

Kisha ikafuata kimya. Vichwa viliinama juu ya karatasi, hesabu ikafanywa, na minong'ono iliyosikika ilikuwa ya Kiingereza.

Kikundi cha pili kiliambiwa kwamba pete hiyo iko kwa mjane wa nahodha mmoja, naye haiuzi. Hapo ilibidi waulize njia. Walipofika ilibidi wabishe hodi, waamkie, wajitambulishe, watoe rambirambi, na wangoje wakaribishwe kabla ya kutaja shida yao. Mjane, aliyeigizwa na msimulizi, akawaambia: "Mume wangu aliivua pete hii asubuhi, na jioni bahari ikamchukua. Ninyi mwaitaka ya nini?" Wote walinyamaza. Kisha msichana mmoja, ambaye muhula mzima hakuwahi kutunga sentensi yenye vishazi viwili, akasema polepole: "Mama, angaliivaa, asingalizama. Tupe sisi, ili mwingine asizame." Mimi nilikuwa nimefundisha masharti ya -ngali- kwa majuma mawili ubaoni, na sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwa mwanafunzi kwa haja ya kweli. Siku ile lilitoka, kwa sababu palikuwa na mtu wa kuombwa na jambo la kusikitikia.

Wenzangu watasema kwamba orodha ya bei si uzushi wa walimu, bali imo katika vitabu vya mchezo wenyewe. Ni kweli imo, lakini yafaa tutazame iliingiaje. Hapo mwanzo dhahabu ilikuwa na kazi nyingine. Mhusika aliyerudi salama na hazina alipewa alama za ujuzi kwa kiasi cha dhahabu aliyoileta, kipande kimoja kwa alama moja. Kitabu cha msimulizi cha mwaka 1979 kilimtaka mhusika alipie mafunzo kabla ya kupanda daraja, na gharama zake zilikuwa kubwa: kwa kila juma, vipande 1500 mara daraja lake. Mhusika mkubwa alitazamiwa kujenga ngome, kuajiri askari na kutawala watu. Ni kweli kwamba kitabu hicho kiliandika bei za vyombo vya ajabu, lakini kwa ajili ya mchezaji aliyetaka kuuza alichokipata. Toleo la 1989 lilizungumzia waziwazi swali la kununua, na shauri lake kwa msimulizi lilikuwa kwamba maduka ya namna hiyo yasiwepo.

Mageuzi yalikuja mwaka 2000, wakati mchezo ulipokuwa umekwisha ingia mikononi mwa kampuni ya Wizards of the Coast. Toleo la tatu liliondoa kabisa alama zilizotolewa kwa dhahabu, na pengo likajazwa kwa biashara. Kila chombo kilipewa bei, tena kwa kanuni. Nguvu ya upanga ilipigwa mara yenyewe, kisha mara 2000. Upanga wa nguvu ya kwanza uliongezewa vipande 2000, wa pili 8000, wa tatu 18,000, hata wa tano 50,000. Miji nayo ilipangiwa mipaka: katika kitongoji chaweza kupatikana kitu cha vipande 100, na katika jiji kubwa kabisa kitu cha 100,000. Kilichopungua mpaka huo huenda kikawa kinauzwa. Ukichoka nacho, wakirudisha kwa nusu bei. Mwaka 2008 toleo la nne lilihamisha vyombo vya ajabu kutoka kitabu cha msimulizi na kuvitia katika kitabu cha wachezaji, na likapendekeza wachezaji waandike orodha ya vile wanavyovitamani ili msimulizi awawekee njiani.

Tazama basi mwendo huu. Kwanza chombo cha ajabu kilikuwa siri ya msimulizi. Kisha kikawa bidhaa. Mwisho kikawa agizo, kama mtu aagizavyo viatu kwa kutaja namba ya mguu wake. Ajabu gani hiyo ambayo mtu ameiagiza mwenyewe?

Wenye mchezo wenyewe waliona kasoro. Toleo la mwaka 2014 lilisema kwamba kwa kawaida vyombo hivi ni adimu mno hata havipatikani kwa kununua, isipokuwa msimulizi apende vinginevyo. Kitabu cha nyongeza cha 2017 kikatoa njia ninayoiona kuwa bora: mnunuzi atumie walau juma moja la kazi na vipande 100 akitafuta muuzaji, na katika kutafuta huko aweza kupatwa na mambo. Chombo chaweza kuwa cha bandia kilichowekwa na adui, au mwenyewe wa zamani yuko tayari kuua ili akipate tena. Hiyo si orodha. Huo ni mwanzo wa hadithi. Lakini kitabu cha 2024 kimerudia bei maalumu kwa kila cheo cha uadimu: 100, 400, 4000, 40,000 na 200,000. Mjadala haujesha huko kwao, wala sisi hatulazimiki kufuata kila toleo lijalo.

Sasa nizijibu hoja za wenzangu moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba dhahabu isiponunua vyombo vya ajabu haina kazi, na mchezaji atavunjika moyo. Nimekwisha onyesha kwamba hapo zamani ilikuwa na kazi nyingi. Je, katika maisha yetu fedha hazina kazi ila kununua silaha? Mhusika na atoe mahari. Na alipe fidia ya ng'ombe aliowaua kwa uzembe wake vitani. Na amsomeshe mtoto wa rafiki yake aliyekufa safarini. Na ajenge kivuko ambacho wanakijiji wamekililia miaka. Kila moja ya kazi hizi itawalazimisha wanafunzi kusema na watu, kukubaliana, kukataa, kushukuru, kulaumu. Mwalimu asemaye dhahabu haina kazi hajaitafutia kazi.

Hoja ya pili ni uhuru. Wasema: mchezaji achague apendacho, msimulizi asiwe sultani. Nakubali kwamba mchezaji awe huru kutaka. Msichana ataitaka pete, na aende kuitafuta. Lakini wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama huko ndiko mchezo wenyewe. Orodha ya bei humpa mtu kitu bila ya kumtaka ainame, na hivyo humnyima safari huku ikijidai kumpa uhuru.

Hoja ya tatu ni ya kitaalamu zaidi, nami naiheshimu. Inasema kwamba hata hadithi za kale zina manunuzi ya namna hii. Katika masimulizi yanayohusishwa na Alfu Lela Ulela wako wana watatu wa mfalme, waliompenda binti mmoja. Mmoja alinunua zulia lirukalo, wa pili darubini ya pembe imwonyeshayo mtu chochote atakacho, wa tatu tufaha liponyalo ugonjwa wowote. Wote watatu walinunua sokoni, kwa dhahabu. Je, hilo si duka la vyombo vya ajabu?

Hebu tuitazame vizuri hadithi hiyo. Kila kitu kilikuwa kimoja tu, kikitembezwa na dalali mmoja, katika mji mmoja wa mbali. Mnunuzi alishangaa, akashuku, akataka kuhakikishiwa. Kisha darubini ikaonyesha kwamba binti yu mahututi, zulia likawafikisha kwake wote watatu, na tufaha likamponya. Hapo mfalme alipaswa kuamua ni kitu cha nani kilicho bora, naye akashindwa. Kila kimoja bila ya vingine kisingefaa kitu. Akawaambia wanawe wakashindane kwa kutupa mishale. Msimulizi wa kale aliyaruhusu manunuzi, kisha akayahukumu kuwa hayatoshi kumpambanua mtu na mwenzake. Hadithi hiyo ni shahidi wangu.

Shahidi mwingine katika masimulizi hayo hayo ni taa ya Aladini. Yule mchawi alipita mtaani akitangaza kubadilisha taa mpya kwa taa kuukuu. Watu wakamcheka. Nyumbani mwa Aladini hakuna aliyeijua habari ya ile taa kuukuu, basi ikatolewa kwa furaha, nyumba nzima ikapotea. Waliotazama bei walidhani wamepata faida. Mchawi peke yake ndiye aliyejua thamani.

Na kwetu, tunaye Fumo Liyongo. Shujaa huyo hakudhurika kwa mkuki wala mshale. Kilichomuua ni sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, kwa mkono wa mwanawe mwenyewe aliyerubuniwa. Sindano ya namna hiyo yaweza kuagizwa kwa sonara yeyote kwa fedha kidogo. Kama tungeiandika katika orodha ya bei, ingekuwa chini kabisa, pamoja na kulabu na misumari. Nguvu yake ilikuwa katika siri, na siri hiyo ilipatikana kwa usaliti wa mtoto aliyemwuliza baba yake swali, na baba aliyejibu hali akijua. Mwalimu ajaribu kuikadiria bei ya jambo hilo.

Hoja ya nne ni ya darasani: duka hufundisha hesabu na msamiati wa kununua na kuuza. Hapa ndipo ninaporudi kwenye ile dharau niliyoitaja. Silidharau soko. Soko la kweli ni chuo cha lugha. Mna utani, viapo, kusihi, kujifanya unaondoka, kuitwa urudi, kuulizana habari za watoto. Orodha ya bei haina hata moja kati ya hayo. Imeua ajabu, na soko nalo imeliua. Msamiati wa "bei gani" na "punguza" mwanafunzi wetu anao tayari; aliupata njiani kabla ya kutufikia. Tukimrudisha hapo hapo, kwa jina la mchezo wa kisasa, tutakuwa tumewathibitishia wanaotucheka kwamba kweli Kiswahili hakina zaidi ya hayo. Mchezo wote umejengwa juu ya maneno, nasi tutautumia kumfundisha mtoto namna ya kutosema?

Mtu asipinge tu bila kujenga. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, vitu vya kawaida viuzwe dukani bila hofu: kamba, mienge, vyakula, viatu vya safari. Hata dawa ndogo ya kuponya jeraha na iuzwe. Toleo la 2014 lenyewe liliiweka pamoja na vifaa vya kawaida kwa vipande 50. Duka lina mahali pake, na pasipo duka la kawaida hakuna atakayeliona la ajabu kuwa la ajabu.

Pili, chombo cha ajabu kisitolewe mpaka kiwe na mambo matatu: jina lake, mtu aliyenacho, na sababu ya mtu huyo kukubali kitoke mikononi mwake. Mwalimu akiyaandika hayo matatu kwa mistari mitatu kabla ya kipindi, somo limekwisha tengenezwa.

Tatu, pakiwa na bei itamkwe na mtu mwenye kinywa, na sehemu yake moja isilipwe kwa dhahabu. Mwenye chombo na atake ahadi, au siri, au kazi, au ushahidi mbele ya kadhi, au barua ifikishwe kwa ndugu aliyegombana naye. Ahadi isiyotimizwa na irudi kumdai mdaiwa katika vipindi vya baadaye. Wanafunzi watajifunza wakati ujao kwa kuwekeana miadi, na wakati uliopita kwa kushtakiana.

Nne, anayetaka kununua na atafute. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Aulize bandarini, aulize kwa wazee, adanganywe mara moja, apate mara ya pili. Msimulizi asimchoshe kwa kumzungusha bure. Juma moja la mchezo latosha. Ila asimpe chochote kwa kumwonyesha kidole kwenye ukurasa.

Najua mapendekezo haya humtaka mwalimu afanye kazi zaidi. Orodha ya bei ni rahisi. Mtu huichapa mara moja akaitumia miaka. Mjane wa nahodha hana budi kubuniwa, na juma lijalo abuniwe mwingine. Lakini kazi hiyo ndiyo tuliyoajiriwa. Hatukupewa watoto hawa ili tuwahesabie sarafu za kubuni. Tumepewa ili watakapokuwa wakubwa, siku watakayotakiwa kumwomba mtu msamaha, au kumfariji, au kumkatalia bila kumvunjia heshima, wawe na Kiswahili cha kutosha kufanya hivyo. Mwalimu aliye na orodha mezani, na aifunge ndani ya saraka.